Firdausi Alipomfungia Somo Wake

Mimi sina subira na watu wa ofisini, na hilo wanalijua wote pale Kibaha. Naitwa Ambokile, mtu wa Rungwe, dereva wa mradi wa dawa za kifafa. Kazi yangu ni usukani basi. Lakini dereva anayeshinda na watu garini husikia mengi kuliko anayoyataka, na habari hii ya Firdausi naisimulia mapema, kabla watu hawajaitia chumvi zaidi. Tayari nimesikia mmoja anasema eti binti alimtukana kungwi wake. Mwongo huyo!

Firdausi ni mtoto wa mzee Mwishehe, mkulima wa mananasi kule Kibuta, Kisarawe. Mwili mdogo, kicheko kikubwa, hata mlinzi wa getini akikisikia anajua binti wa Kisarawe kafika. Alisomea mambo ya takwimu, akamaliza, akarudi huku Pwani. Siku ya kwanza namchukua garini nilimuuliza kwa nini hakubaki Dar kama wenzake.

"Kaka Ambokile, Dar ningekuwa nahesabu wateja wa watu. Bora nihesabu watu ninaowajua."

Nikamwambia hayo ni maneno ya mtu ambaye bado hajalipa kodi ya nyumba. Alicheka mpaka kituo cha Picha ya Ndege. Tangu siku hiyo nilimpenda kama mdogo wangu wa tumbo moja, ingawa ananiita mla ndizi kila akinikuta nakula.

Sasa kazi yake ni hii. Zahanati za kata za Kisarawe zinatoa dawa za kifafa. Muuguzi akishampa mgonjwa dawa, anaingiza kwenye simu: jina, kijiji, amekuja au hakuja. Taarifa zote zinamwagika kwenye mfumo mmoja pale Kibaha, na Firdausi anazigeuza kuwa picha: ramani, na vinguzo vya rangi, kata moja moja. Mratibu wa kata akiona kinguzo kimeshuka anakibonyeza, majina ya waliokosa dawa yanatokea, anakwenda kugonga hodi. Ni kazi nzuri sana, na nasema hivyo mimi ambaye sisifu ovyo. Huko nyuma watoto wenye kifafa walikuwa wanafichwa chumba cha uani, wanapungwa mashetani, na wengine waliungua motoni au kuzama. Sasa hivi wapo wanaokwenda shule.

Ila palikuwa na jambo moja la kipuuzi. Kila mratibu alitakiwa awe na akaunti yake na neno lake la siri. Waratibu wenyewe ni watu wazima, wastaafu wengi, wanasahau. Kila saa simu: "Firdausi mwanangu, limekataa tena." Halafu mratibu wa Kibuta akimtembelea wa Kurui anaomba achungulie kidogo, na kwetu ukimnyima mwenzio kitu kama hicho ni kama umemnyima chumvi. Utaitwa mchoyo mpaka uzeeni. Mwisho wa yote wakawa wanatumia neno moja, karibu123, limeandikwa kwenye karatasi na kubandikwa ukutani pale Kibaha juu ya chupa ya chai. Neno la siri gani hilo, jamani, mpaka muuza maandazi analijua! Firdausi alilalamika mara moja. Bosi wetu, Ponsiano, akamwambia awaheshimu wazee. Firdausi naye ni mdogo kuliko wote pale, akaacha yaendelee.

Kati ya wazee hao yuko Bi Mwanamkuu, mratibu wa Vihingo. Huyu si mtu wa kawaida kwa Firdausi. Ndiye kungwi aliyemcheza unyago, ndiye aliyekaa naye ndani alipokuwa mwali na kumfunza utu uzima. Mpaka leo Firdausi hamwiti jina, anamwita somo, na akimpa mkono anapiga goti. Ana maneno makali Bi Mwanamkuu, lakini kwa kazi hana mpinzani. Vihingo hakuna mgonjwa anayekosa dawa. Siku moja alikasirika kwamba majina ya vitongoji vyake yamekosewa. Firdausi, kwa kumpa somo wake ukubwa, akamfungulia akaunti yake peke yake, yenye haki ya kuhariri, arekebishe mwenyewe. Hakuna mratibu mwingine aliyekuwa nayo.

Mambo yakaharibika kwa sababu ya posa.

Mudathir, mtoto wa kaka yake Bi Mwanamkuu, ni fundi umeme, kijana mtaratibu. Alimpenda binti wa Kurui anayeitwa Nuria, akapeleka mshenga. Na kwa desturi za huko, mshenga akishatumwa, shangazi ana wajibu wake: achunguze ukoo wa binti. Wana tabia gani, wana maradhi gani, walizikwa wapi. Zamani shangazi angevaa kanga, angekwenda kuomba maji ya kunywa nyumba ya jirani, angepiga soga mpaka jua linazama. Bi Mwanamkuu hakuvaa kanga wala hakuomba maji. Alifungua kompyuta. Akabonyeza kinguzo cha Kurui, na Nuria akatokea humo na tarehe zake zote za dawa.

Akamwambia kaka yake. Kaka mtu akamrudisha mshenga kwa kina Nuria kuvunja posa, kimya kimya, na Mudathir, aliyekuwa kazini Chalinze, akaambiwa tu asubiri, mambo ya wazee hayana haraka.

Sisi tulikuja kujua kwa simu ya Juliana, muuguzi wa Kurui. Alisema Nuria ameacha dawa, na ameanguka jikoni, mkono umeungua. Firdausi alikuja getini anakimbia, viatu mkononi. Tukakata Kiluvya, tukatokea Kisarawe, kisha vumbi mpaka Kurui.

Tulimkuta Nuria amekaa mkekani, mkono umefungwa bendeji mpaka kiwiko. Msichana mzuri, ana macho ya mtu anayekusikiliza. Siku hiyo alikuwa hamtazami mtu. Mama yake ndiye aliyesema.

"Mshenga kasimama hapo mlipokaa, akatuambia binti yenu kompyuta ya Kibaha imesema ana maradhi. Tukamuuliza nani kaiona hiyo kompyuta. Akasema Mwanamkuu wa Vihingo, shangazi wa bwana harusi. Mwanangu kachukua dawa zake zote kazitia chooni. Kasema nikiacha kwenda zahanati, jina langu litafutika."

"Halifutiki, mama," alisema taratibu Juliana, aliyetutangulia pale. "Na bila dawa ataanguka tena."

"Nalijua hilo! Kesho akianguka kisimani nitamwambia nani? Nyie?" Mama alimgeukia Firdausi. "Mlituambia tumtoe mtoto ndani, tumlete, mtamtunzia siri. Tukamtoa. Sasa mnatuambia nini?"

Firdausi alisogea mpaka mkekani. Alimwomba Nuria aanze tena dawa. Nuria akatikisa kichwa, akauliza swali moja tu, kwa sauti ndogo: "Ni nani wote wanaoliona jina langu?"

Na Firdausi akasema kweli. "Sijui."

Firdausi akaaga, tukashika njia ya kurudi. Tulipofika Kiluvya akaanza kulia, kilio cha hasira. "Nimejenga nyumba nzuri, kaka, nikasahau kutia milango." Mimi nilikuwa na hasira kuliko yeye, nikamwambia hakusahau, alikatazwa. Akasema ni yale yale kwa Nuria.

Asubuhi yake aliingia kwa Ponsiano, akaniita na mimi. Sikuelewa kwa nini, dereva na vikao wapi na wapi. Akaniambia, "Kaka, fungua mfumo kwenye simu yako." Nikaandika karibu123, ukafunguka. "Bonyeza Vihingo." Nikabonyeza. Likatokea jina la mtoto wa fundi cherehani ninayemjua, aliyenishonea suruali hii. Mwenzenu nilisikia aibu, nikaigeuza simu kifudifudi mezani.

"Bosi," Firdausi alisema, "Ambokile ni mtu mwema. Lakini kwa kazi gani awajue hawa?"

Ponsiano si mtu mbaya, ana woga tu. Alianza nyimbo zake za uwazi, kwamba wafadhili wanapenda uwazi, tukianza kufungafunga watadhani tunaficha. Nikashindwa kuvumilia. Nikamwambia, "Bosi, uwazi ni wa hesabu za mradi. Wafadhili wanataka kujua wangapi wamepona, hawakuomba kumjua Nuria." Akanikodolea macho, kisha akamgeukia Firdausi.

"Fanya. Ila wazee wakija kulalamika, watakuja kwako."

"Waje," akasema.

Nilimwona akiichana ile karatasi ya ukutani. Muuza maandazi akauliza kulikoni.

Kwa jinsi alivyonieleza, kazi yenyewe ni kama kupakua chakula cha shughuli. Sufuria inabaki moja, taarifa zote zimo humo humo, lakini kila mtu anapakuliwa sahani yake. Mratibu wa Kibuta akiingia, mfumo unamtambua, unampa majina ya Kibuta tu. Kata nyingine anaona vinguzo na idadi, hapati jina hata moja. Wafadhili wanaona idadi tupu. Mimi ndio kabisa, sina hata kijiko. Aliwapigia wazee mmoja mmoja akawatengenezea akaunti zao, na aliyesahau neno lake alifundishwa upya bila kupewa la mwenzie. Walinung'unika! Mmoja alisema tangu lini mtoto wa Mwishehe akawapangia watu wazima cha kuona.

Kisha akaanza kupima. Mfumo ule una namna ya kuutazama kama vile wewe ni mtu fulani, uone anachokiona yeye. Akajitia kuwa Rajabu, mratibu wa Kurui: akaona Kurui tu. Akajitia wa Kibuta: Kibuta tu. Alikuwa anapiga makofi kila mmoja akikubali, nami niko mlangoni namngoja tukale. Akajitia Bi Mwanamkuu.

Makofi yakakoma. Vihingo, Kurui, Kibuta, majina ya wilaya nzima yalikuwa wazi kama mwanzo.

"Umekosea mahali," nikasema.

"Sijakosea." Alikaa, akajifunika uso kwa mikono. "Ile haki ya kuhariri niliyompa. Mwenye haki hiyo mfumo unamhesabu ni mwenyeji, haumwekei mipaka. Uzio wote nilioujenga, kaka, yeye anaupita. Na ndiye hasa ninayemjengea."

"Si umwondolee?"

"Nimwondolee somo wangu? Nimshushe daraja mbele ya waratibu wote?"

Nikaliacha, maana hata mimi nina wakubwa zangu Rungwe nisioweza kuwatazama usoni. Siku hiyo hakula. Kesho yake hakula. Alikuwa anaweka mkono kwenye kipanya, anauondoa. Nilimwona amempigia simu Bi Mwanamkuu, akasalimia shikamoo somo, akauliza hali ya mbuzi, akakata bila kusema alichotaka kusema. Nikamwambia, kwa ukali, ndiyo, nakiri nilifoka, "Juliana kapiga tena. Yule binti kaanguka tena, safari hii njiani. Unamngoja aangukie wapi?"

Akabonyeza. Ilikuwa kitendo cha kubonyeza tu. Halafu akafunga kompyuta, akatoka nje.

Bi Mwanamkuu alifika Kibaha mwenyewe siku iliyofuata. Kavaa baibui jipya, mkoba kwapani. Firdausi alisimama, akapiga goti, "Shikamoo somo." Mama yule hakuitikia. Ofisi nzima tuliacha tulichokuwa tunafanya, na Ponsiano akajifungia chumbani kwake, mwoga wee!

"Umenifungia mlango, Firdausi? Mimi niliyekucheza?"

"Nimekufungia, somo."

"Kwa kosa gani? Kuchunguza binti ni kazi ya shangazi toka enzi. Ningekaa kimya, kesho mtoto wa kaka yangu apate taabu, waseme shangazi mtu alikuwa wapi? Na mficha maradhi kifo humuumbua!"

"Nuria hakuficha, somo. Alitoka kwao kwa miguu yake, akaenda zahanati, akamwambia muuguzi. Sasa ndiyo anaficha. Dawa katupa chooni. Kaanguka mara mbili, kaungua mkono."

Bi Mwanamkuu aliuweka mkoba mezani. Alikuwa hajui habari ya mkono, na usoni ilionekana.

Firdausi bado alikuwa kwenye goti. "Somo, umewacheza wanawali wengi, Kibuta na Vihingo. Kila mmoja una yake uliyoyaona ndani. Akija mama wa mwali mmoja akakuuliza ya mwali wa nyumba nyingine, na akasema ana sababu nzuri, utampa?"

"Thubutu! Hata aje na ng'ombe."

"Hata akiwa dada yako?"

"Hata akiwa..." Akasita. Akamtazama yule binti pale chini, kisha akatutazama sisi wote tuliokuwa tunajifanya tunatafuta kalamu. "Ala! Nyie hamna kazi?"

Alichukua mkoba wake akaondoka. Hakuaga. Firdausi aliinuka, magoti yamejaa vumbi, akaenda kukaa garini kwangu akalia tena. Alisema amempoteza somo. Nilimpa maji. Nikamwambia amefanya vizuri, na nilimaanisha.

Juma lile lile tulipanga kurudi Kurui. Tulimpitia Juliana zahanati. Tulipofika kwa kina Nuria, bodaboda ilikuwa imesimama uani, na mkekani ameketi Bi Mwanamkuu! Amekuja mwenyewe kutoka Vihingo, na kompyuta ya mradi ameipakata. Mama yake Nuria amekaa mbali, amenuna, hakumpa hata maji. Nuria yuko mlangoni, nusu ndani nusu nje.

"Marahaba mwali wangu," Bi Mwanamkuu alisema, kabla Firdausi hajafungua mdomo. Ile salamu ya Kibaha alikuwa anaijibu huku. "Kaa hapa. Nimewaambia hawa nimekuja na aibu yangu, wanichape kama wanataka. Hawajanichapa bado." Akamgeukia Nuria. "Njoo mwanangu. Mimi nimekufanyia ubaya nikidhani nafanya wajibu. Maji yamekwisha kumwagika kwa kaka yangu, siwezi kuyazoa. Nimemwambia afunge mdomo wake, na mimi ananiogopa. Lakini njoo unitafute humu. Andika jina lako kwa mkono wako."

Nuria alikuja polepole. Bi Mwanamkuu akaandika neno lake la siri, akiwa amelifunika kwa kanga kama anayenyonyesha mtoto, akamsogezea kompyuta. Nuria akaandika jina lake kwa mkono mmoja, ule mzima. Hakuna. Akabonyeza kinguzo cha Kurui. Ikaja idadi, jina hakuna. Akajaribu la baba yake, la kijiji, tena la kwake. Hakuna, hakuna.

"Huyu hapa kanifungia," Bi Mwanamkuu akasema, akimwonyesha Firdausi kwa kidevu, na wallahi nilisikia fahari katika sauti ile. "Mimi kungwi wake. Kama kanifungia mimi, jua hakuna aliyemwonea haya."

Nuria hakucheka. Alimtazama Firdausi. "Siku ile nilikuuliza nani wanaliona jina langu, ukasema hujui. Leo unajua?"

"Najua. Ni watatu. Juliana anayekupa dawa. Rajabu, mratibu wa kata yenu, ili ukikosa dawa aje. Na mimi."

"Na wewe?"

"Na mimi. Ninayeutunza mfumo siwezi kujifungia nje, nitakuwa nakudanganya nikisema sioni. Lakini kila nikilifungua jina lako mfumo unaandika kwamba ni mimi na lini, na nimemwomba Juliana awe anakagua. Ukitaka kujua, muulize yeye, atakuambia."

Mama yake Nuria aliguna. Mimi nilidhani pale ndipo mambo yanapoharibika. Ningekuwa mimi ningemdanganya, nimalize. Nuria alirudia kimoyomoyo, nikaona midomo inacheza: Juliana, Rajabu, Firdausi. Akawa kama mtu anayehesabu vyombo vyake baada ya shughuli na kukuta vimetimia.

"Watatu," akasema. "Watatu nawajua wote."

Akanyoosha mkono kwa Juliana. Juliana alikuwa na dawa mfukoni muda wote ule, akampa moja, na mama mtu, aliyemnyima mgeni wake maji, akainuka haraka kuleta kikombe. Nuria akameza mbele yetu. Bi Mwanamkuu alisema alhamdulillahi mara nyingi sana. Firdausi alikuwa ameng'ata ushungi.

Sisi tukaanza kukusanya vitu tuondoke. Nuria akatuzuia.

"Ngojeni. Wa nne nataka kumchagua mwenyewe."

Akatoa simu, akabonyeza, akaiweka sikioni. Mama yake akanyanyua mkono amzuie. Bi Mwanamkuu akaushika ule mkono, akaushusha.

"Mudathir? Uko kazini? Shuka kwenye nguzo kwanza. Nimesema shuka. Kuna neno la kwangu mimi, nataka ulisikie kwangu."

Akaenda nalo nyuma ya jiko. Tulikaa pale uani, watu wazima wote, tunatazamana kama watoto wanaongoja matokeo ya mtihani. Hatukusikia alichosema, wala haikutuhusu. Tulichosikia mwishoni ni Nuria akicheka na kusema, "Mjinga wewe, mkono tu ndio umeungua. Haya, njoo uone mwenyewe."